Samaki Mwenye Magamba

Rael alimtambua kwa namna alivyoubeba mkoba wa mama yake. Wanaume wengi wakibebeshwa mkoba wa mwanamke huushika kwa ncha za vidole, mkono wameunyoosha mbali, kama wamebeba panya aliyekufa. Omanga alikuwa ameutia kwapani na kuubana vizuri, huku mkono wa pili ukimwongoza mama yake polepole hadi mwisho wa gati la Homa Bay, asijali nani anamtazama. Miaka tisa ilikuwa imemwongezea kitambi kidogo na mvi mbili tatu za ndevuni. Mikono ilikuwa ileile.

Moyo wa Rael ulidunda hadi akahisi jaketi la kuokoa maisha likimtikisika kifuani.

Liz wa ofisi ya watalii alikuwa amempigia simu na kumwambia kwamba Ijumaa kuna wageni wawili kutoka Migori, mtu na mama yake. Mama haoni vizuri, wanataka safari ya mapango ya siku nzima, ila lazima wawe wamerudi kabla jua halijazama. Majina Rael hakuuliza. Angeuliza, angejisingizia malaria na kujifungia ndani. Na hata hivyo Liz angempeleka nani? Njia za ndani ya mapango ya kisiwa cha Aluru, nyuma kabisa ya Rusinga, zilijulikana na watu wawili tu. Wa kwanza alikuwa Mzee Wesley, baba yake Rael, na huyo alikwisha kutangulia mbele ya haki. Wa pili ndiye yeye Rael, aliyesimama gatini akitamani maji yammeze.

Baba alipokufa alimwachia mtumbwi mmoja. Wavuvi walimwambia auuze, maana mwanamke akipanda chombo cha kuvulia, samaki hukimbia. Rael aliwajibu kwamba kama samaki watamkimbia, basi atabeba watu. Watu ndio aliokuwa akibeba mpaka leo, wanaume wakimcheka mbele yake na wake zao wakimletea wageni.

"Bwakire," mama alisalimia kwa Kigusii, akielekeza uso upande ambao si wa Rael hasa.

Jibu lilimfika Rael mdomoni lenyewe. Bwakire buya, mama. Omanga ndiye aliyemfundisha, wakiwa wameketi kwenye nyasi za chuo, naye akacheka mpaka machozi kwa jinsi Rael alivyolitamka. Alilimeza. Akasema karibuni, kwa sauti nene ya kazini, akamvisha mama jaketi lake. Alipofika kwa Omanga alianza kufunga kamba za kifuani bila kumtazama usoni.

"Rael," Omanga alinong'ona.

"Usinisemeshe. Mama amekuja kuona mapango. Wacha ayaone."

"Haoni vizuri, Rael. Ni presha ya macho. Daktari amesema hata hii kidogo imebaki itaisha mwaka huu."

"Basi ayasikie," Rael alisema, akakaza kamba kuliko ilivyohitajika.

Boti iliondoka saa mbili, ikivuta mtumbwi nyuma kwa kamba. Kwenye injini alikuwa Wangwe, binamu wa marehemu Mzee Wesley, mtu wa maneno machache ambaye Rael alimwita baba mdogo. Mama Mong'ina alikaa katikati, kitambaa cheupe kichwani, akiuliza maswali bila kuchoka. Alisimulia walivyoamka saa kumi na moja alfajiri, na jinsi walivyosimama njiani, Rodi Kopany, kunywa chai iliyokuwa maji matupu. Alimsimulia pia marehemu mume wake, aliyekuwa dereva wa lori la samaki, ambaye kila akirudi kutoka ziwani alimhadithia mapango yenye maji ya kijani kibichi, na kila mwaka akamwahidi kumpeleka mwaka ujao. Sasa mume hayupo na macho yanaaga. Alikuwa amemwambia mwanawe kwamba hatangoja mwaka ujao mwingine.

Rael alisikiliza akiwa amempa mgongo. Sauti hiyo aliijua. Aliwahi kuisikia usiku mmoja na mchana mmoja tu maishani, na mchana huo ulimtosha.

Ilikuwa Jumamosi. Rael alikuwa na miaka ishirini na miwili, amefika Migori jana yake kutambulishwa kwa kina Omanga, na hakutaka kwenda mikono mitupu kama mtu asiye na kwao. Alimleta mumi, kambare mkubwa, aliyemtafuta siku mbili na kumkausha mwenyewe kwa moshi wa taratibu. Kwao ziwani, mgeni akikuletea mumi wa namna hiyo amekuheshimu hadi mwisho. Asubuhi ile watu wote walikwenda kanisani. Yeye, kwa uchovu wa safari, aliachwa apumzike, lakini badala ya kupumzika akawasha jiko. Akakaanga kitunguu, akatia nyanya, akamlaza mumi kwenye sufuria kubwa ya nyumba ile, akafagia na uwanja. Alikuwa akiimba. Hilo ndilo lililokuwa likimuuma zaidi kila alipokumbuka, kwamba alikuwa akiimba.

Mama Mong'ina alirudi na wazee watatu wa kanisa. Alikuta moto ukiwaka siku ya Sabato, na juu ya moto samaki asiye na magamba, ambaye Msabato hamgusi hata kwa mwiko. Aliibeba sufuria kwa upindo wa gauni lake la kanisani, akaenda kuimwaga migombani. Aliporudi alimwambia mwanawe achague, huyu atoke ama yeye mama mzazi atoke. Omanga alisimama na Biblia yake kwapani, akatazama viatu vyake. Viatu hivyo Rael angeweza kuvichora hata leo, vyeusi, kamba ya kulia imefunguka.

Walifika Aluru saa nne. Kisiwa hicho ni mwamba mtupu uliochanikachanika upande wa mawimbi, na kila ufa ni mlango. Wangwe alitia nanga, wageni wakahamia kwenye mtumbwi, mama akishikwa huku na huku. Rael alikaa mbele na kasia, akaupeleka mtumbwi taratibu hadi kwenye kinywa cha pango la kwanza, akasimamisha.

Aliwaeleza desturi. Zamani wezi wa nyavu walijificha humu, kwa hiyo mvuvi mwema akifika mlangoni hutaja jina lake kwa sauti. Anayeingia kimya, pango humdhani mwizi. Mama Mong'ina alilipenda jambo hilo sana. Alijaza kifua, akaliita jina lake mpaka popo wakatawanyika, na pango likamrudishia mara tatu, naye akacheka kama msichana. Omanga alilitamka la kwake kwa sauti ambayo hata yeye mwenyewe hakuisikia vizuri.

"Na wewe msichana?" mama aliuliza.

"Nyar Wesley," Rael alijibu. Binti wa Wesley. Haukuwa uongo.

Ndani, jua liliingia kwa chini ya maji na kuyafanya ya kijani kama mboga changa. Mama aliyainamia karibu kabisa, uso ukikaribia kulowa. Akasema anaona. Si sana, lakini rangi anaiona. Akamwomba marehemu mume wake msamaha kwa kumwita mwongo miaka yote ile, na Rael akajikuta anaifuta pua kwa mkono wa shati. Alipoinua macho, Omanga alikuwa akimtazama. Hakuyaondoa macho yake na Rael naye hakuyaondoa ya kwake, mpaka mtumbwi ukagonga mwamba na nahodha huyo mahiri akalazimika kuomba radhi.

Saa sita walikaa ufukweni penye kokoto kwa chakula cha mchana. Rael alinunua ngege watatu, wale sato wa ziwani, kwa mvuvi aliyekuwa akipita, bado wanapiga mikia. Kabla ya kuwagusa kwa kisu aliwalaza kwenye sinia, akawapelekea wageni.

"Samaki wenu ni hawa. Muwaone kwanza ndio niwapare."

Mama Mong'ina alinyoosha mkono. Vidole vyake vilimpata samaki mmoja, vikapanda kutoka mkiani kwenda kichwani, magamba yakikwaruza.

"Hii iko na magamba," alisema.

"Ndiyo, mama. Zote tatu."

"Nimeenda kwa mahoteli mingi. Samaki inakuja kama imeiva. Hakuna mtu ananionyesha magamba. Wewe unafanyanga hivi kwa kila mtu?"

"Kila mtu."

"Nani alikufundisha?"

Uongo ulikuwa tayari kinywani. Rael angeweza kusema ni ofisi, ni serikali, ni watalii wa Nairobi. Lakini tangu asubuhi alikuwa amebeba sauti isiyo yake na alikuwa amechoka nayo.

"Mama mmoja wa Migori," alisema kwa sauti yake mwenyewe.

Mkono wa mama ulitulia juu ya samaki. Omanga alisimama, kisha akakaa tena.

"Alikufundisha aje?"

"Alimwaga sufuria."

Ziwa lilipiga kokoto na kurudi. Wangwe, ambaye hakujua lolote, alijua vya kutosha kuinuka na kwenda kutazama nanga isiyokuwa na shida yoyote.

"Nilisikia hiyo sauti asubuhi ukisema karibu," Mama Mong'ina alisema. "Nikajiambia macho imeisha, na sasa masikio nayo imeanza kunidanganya. Rael."

"Ndiyo, mama."

"Ile sufuria niliisugua na majivu mara tatu. Ikatakata. Lakini kila nikiipikia nakuona ukienda na sandali imekatika, unaburura mguu. Nilikuwa kwa dirisha. Nilitaka kukuita urudi. Sasa wazee walikuwa wamekaa hapo sebuleni, nikaona haya." Aligeuza uso upande wa Omanga. "Na huyu nilimwambia achague nikijua atanijibu. Nilikuwa nimengoja tu ajibu, nipate mahali pa kushukia. Hakukohoa hata kikohozi."

Omanga alikuwa akitazama kokoto kana kwamba kuna mtihani utakaotoka humo.

"Lakini na wewe, mwanangu," mama aliendelea, na ukali wa zamani ukachungulia kidogo, maana mtu haachi tabia yake kwa siku moja, "ulijua sisi ni Sabato. Si ungeuliza?"

Rael alimtazama Omanga. Lilikuwepo jibu, na walilijua wawili tu duniani. Jibu hilo alilibeba kutoka Migori hadi Homa Bay na sandali iliyokatika, na kwa miaka tisa hakumpa mtu, hata mama yake aliyemuuguza homa ya mapenzi mwezi mzima. Angeweza kulitoa sasa na likamaliza kila kitu.

"Ni kweli, mama," alisema. "Ningeuliza."

Akachukua sinia akaenda kupara samaki. Alipara kwa nguvu, magamba yakamrukia hadi usoni, na kama kulikuwa na machozi humo, magamba yaliyaficha. Alijiona mjinga. Alimfichia mtu huyo siri akiwa na miaka ishirini na miwili kwa kuwa alimpenda. Kwa nini alikuwa akimfichia sasa? Swali hilo lilikuwa na jibu moja tu, nalo halikumpendeza.

Baada ya chakula lilibaki pango la mwisho. Hilo ni njia nyembamba inayotoboa mwamba hadi upande wa pili, na paa lake ni la chini mno hata kasia halifai. Abiria wote hulala chali ndani ya mtumbwi, na mwongozaji, naye akiwa chali, huuvuta mtumbwi kwa kutembeza viganja juu ya paa la mwamba. Giza lake ni la kweli. Rael alidhani mama atakataa, lakini mama alisema giza yeye ameanza kulizoea, afadhali na wengine walionje.

Mlangoni walisimama.

"Mong'ina," mama aliita, na pango likamwitikia.

"Rael binti wa Wesley," alisema Rael. Safari hii alilitaja lote.

Walimngoja wa tatu. Kimya. Maji yalitikisa mtumbwi. Rael alikunja midomo, akashika paa, akavuta. Hivyo ndivyo alivyo, akawaza. Hata pango limemshinda. Mwanga ulififia, ukawa mstari, ukaisha.

"Omanga," sauti ilisema gizani, kubwa, hadi mwamba ukavuma. "Mama, Rael aliuliza."

Viganja vya Rael vilisimama.

"Unasema nini?" mama aliuliza.

"Aliuliza. Ijumaa ile, stendi, Migori. Mimi ndio nilienda kumpokea. Kikapu nilibeba mimi, nikasikia harufu, nikajua ni nini. Akaniuliza, Omanga, mama anakula mumi? Nikamwambia anakula. Nikamwambia atafurahi sana."

Tone la maji lilidondoka mahali fulani mbele yao, kisha la pili.

"Alikuwa amefurahi, mama. Mikono yake ilikuwa imeungua na kukausha hiyo samaki, na bado anacheka. Sikuweza kumwambia hapana. Nikafikiri nitasema kesho, nitaificha, nitafanya nini sijui. Ya kuwasha jiko pia sikumwambia. Kesho ikafika, ukamwaga sufuria, na wazee wako hapo. Rael alinitazama akingoja niseme. Sikusema. Akaenda nayo. Na leo umemuuliza tena, na amebeba tena. Nimekuja Homa Bay mara tatu, Rael. Nasimama kwa gati nakuona ukienda na wageni. Halafu narudi."

"Kuja na kunyamaza ni kutokuja," Rael alisema.

"Najua."

Machozi ya mtu aliyelala chali hayana heshima, huenda moja kwa moja masikioni. Rael aliyaacha yaende. Kitu kilichokuwa kimemkaa kifuani miaka tisa, alichokizoea kama mtu anavyozoea kutembea na jiwe kiatuni, kilikuwa kimesogea, na mahali kilipokuwa pakabaki panauma kwa upya. Hakuwa na hakika kama huo ni msamaha. Alijua tu kwamba sasa watu watatu wanajua, na kwamba hayuko peke yake tena na jambo lile.

"Rael," mama aliita polepole.

"Mama."

"Vuta mtumbwi, mwanangu. Tutoke hapa nimwone huyu mtu kwa mwanga kabla macho haijaisha."

Omanga alicheka huku analia, na Rael naye akacheka, asitake. Akavuta. Upande wa pili mwanga wa jua ulikuwa umetandaa juu ya maji, na mama alipoketi aligeuka nyuma akampapasa mwanawe uso wote kwa viganja, paji, macho yaliyolowa, ndevu zenye mvi. Hakumchapa. Alimwambia tu kwamba amezaa mtu mwoga, na kwamba mwoga huyo leo amekua kidogo.

Wangwe, aliyekuwa amezunguka kisiwa kuja kuwapokea, aliwasha injini saa tisa na nusu. Njia nzima Mama Mong'ina alikaa kando ya Rael, mkono wake umeushika mkono wa Rael, akimsimulia habari za nyumba ile kama mtu anayemrudishia mwenzake vitu alivyoazima. Migomba iliyomwagiwa supu ya mumi ilizaa vibaya mwaka ule, akasema, halafu akakiri kwamba ilizaa vizuri sana na hilo ndilo lililomuudhi. Omanga alikaa mbele peke yake. Rael alimtazama mgongo. Aliwahi kuulalia mgongo huo kwenye nyasi za chuo, akasoma daftari zima la historia bila kuelewa neno, na mitihani ilipokuja alipata alama za kutia aibu. Alikuwa na furaha siku hizo. Alikuwa amesahau kwamba alikuwa na furaha, maana alikumbuka mwisho tu.

Walipofika Homa Bay jua lilikuwa limebakiza kama kimo cha mtu juu ya maji. Mama alihimiza, kwa binamu yake wanakolala ni mbali, na Sabato huingia jua la Ijumaa likizama, haimngojei mtu. Wachuuzi wa samaki walikuwa wamejaa gatini na mabeseni yao. Omanga alimshusha mama yake, akampa mkoba, jambo ambalo hakuwa amelifanya siku nzima. Kisha akasimama katikati ya watu wote hao.

"Mama, Jumapili narudi hapa. Naenda kwa kina Rael, nimwambie mama yake vile nilifanya. Sikuombi ruhusa. Nakuambia."

"Nimesikia," Mama Mong'ina alisema. "Lakini si mimi wa kuambiwa. Geuka huko."

Akageuka. Mchuuzi mmoja alibaki na kisu hewani.

"Rael, nimechelewa miaka tisa. Nikija, utanifungulia?"

Rael alikuwa ameshika kamba ya mtumbwi. Angeweza kusema ndiyo, moyo wake wote ulikuwa umekwisha kuisema tangu gizani. Lakini alikumbuka ile sandali, akaona ndiyo ya bure haitamfaa yeye wala huyo mwanamume.

"Mgeni akija tunapika," alisema. "Niambie, mama yako anakula samaki gani? Na wakati huu usinidanganye."

Omanga alivuta pumzi. Kisha akasema, kwa sauti iliyofika hadi kwenye mabeseni ya mwisho, "Anakula ngege. Anakula samaki mwenye magamba. Mumi hali, hajawahi kula, na hatakula."

Mchuuzi mmoja alipiga makofi, wengine wakaangua kicheko. Mama Mong'ina aliitikia amina kana kwamba yuko ibadani.

"Basi njooni Jumapili baada ya misa," Rael alisema, na sauti yake haikutulia kama alivyotaka. "Ngege nitatafuta mimi. Magamba utapara wewe."

Aliinama kufunga mtumbwi, kwa kuwa hakutaka wamwone. Nyuma yake alimsikia mama akiondoka, akimhimiza mwanawe aharakishe, jua linazama. Rael alifunga fundo, likafunguka. Akafunga tena. Hapo ndipo alipogundua kwamba alikuwa akiimba.